Nguvu ya komeo la kisu cha kukunja hupimwaje na mtu asiye na mashine?

Kifundo

Salamu kwenu nyote. Nina visu viwili vya kukunja vya mfukoni. Kimoja ni cha komeo la bati, yaani ukikifungua, ulimi wa bati lililo ndani ya mpini huchepuka na kujikita nyuma ya msuka, yaani kitako cha ubapa kilicho ndani ya mpini, ili ubapa usirudi. Kingine ni cha komeo la mgongoni, kizito zaidi, ambacho ili ukikunje ni lazima ubonyeze mgongo wa mpini. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nikitoboa tundu kwenye mkanda wa ngozi nene kwa ncha ya kile cha kwanza. Nilikididimiza, nikawa nakizungusha kushoto na kulia, na katika kuzungusha huko ubapa ukajikunja ghafla na kunikata kwenye kifundo cha kidole cha shahada. Nilishonwa nyuzi tatu.

Kinachonisumbua ni kwamba sikuwa nimeona dalili yoyote. Kisu kilikuwa kipya, ubapa hauchezi, na kinapofunguka hutoa ule mlio mkavu ambao wengi wetu huuchukua kuwa ushahidi wa kazi nzuri. Aliyeniuzia alisema komeo lake linabeba kilo nyingi, ila sikupata kuelewa kilo hizo huwekwa sehemu gani ya kisu. Nimeona pia watu wakigonga mgongo wa kisu kwenye meza na kutangaza kwamba kimefaulu. Naomba kuelezwa: mtu mwenye kisu mkononi na zana za kawaida tu za nyumbani atautambuaje uimara wake, na je, komeo la bati lina kasoro ya kuzaliwa nayo, au ni hiki changu tu?

Mnoaji

Ndugu Kifundo, pole sana. Nianzie kwenye kilo, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa bila mtu yeyote kusema uongo.

Kisu kilichofunguliwa ni wenzo. Egemeo lake ni pini ya mhimili, na komeo hukaa karibu sana na egemeo hilo, ilhali mkono au kazi husukuma mbali nalo. Tuseme mgongo wa ubapa umesukumwa kwa uzito wa kilo 5 mahali palipo sentimita 6 kutoka kwenye mhimili, na uso wa msuka unaogusana na komeo uko milimita 6 tu kutoka kwenye mhimili huohuo. Umbali wa kwanza ni mara kumi ya ule wa pili, kwa hiyo komeo halipati kilo 5 bali 50, na zote hutua kwenye kiuso ambacho pengine hakifiki upana wa milimita 2. Ndiyo maana mtu akikwambia komeo linabeba kilo 40 hajakwambia kitu mpaka ataje kilo hizo zilining'inizwa umbali gani kutoka kwenye mhimili. Zikiwa karibu na mpini, ni mzigo wa kawaida. Zikiwa kwenye ncha, ni mzigo ambao visu vingi vizuri vitaukataa.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inakupa kipimo cha bure. Pengo la sehemu ya kumi ya milimita kati ya komeo na msuka, ambalo jicho haliwezi kuliona, litaifanya ncha iliyo sentimita 7 kutoka kwenye mhimili icheze zaidi ya milimita moja. Kwa hiyo usihangaike kuchungulia ndani ya mpini kabla hujaiuliza ncha. Shika mpini kwa mkono mmoja, vidole vyote vikiwa nje ya mfuo ambamo ubapa huingia, kisha bana ubapa karibu na ncha kwa kitambaa kinene na uusogeze taratibu. Ukicheza upande kwa upande, ulegevu uko kwenye mhimili au washa zake, yaani vile vipete bapa vilivyo pembeni mwake, na mara nyingi robo ya mzunguko wa bisibisi inatosha. Ukicheza juu na chini, yaani kuelekea kufunga na kufungua, hakuna skrubu itakayokusaidia, kwa kuwa tatizo liko kwenye komeo lenyewe au kwenye kizuizi.

Kizuizi hicho husahauliwa sana. Ni pini, au ukingo wa chuma, ambao ubapa hukita juu yake ukishafunguka kabisa. Kisu kilichofunguliwa kinashikwa na vitu vitatu, yaani mhimili, kizuizi na komeo, na uimara wake ni ule wa kupatana kwa vitu hivyo. Komeo nene lililokaa vibaya kati ya viwili vilivyolegea halina maana. Ukitaka mfano wa mtu aliyelielewa jambo hili, angalia komeo la Tri-Ad alilobuni Andrew Demko, linalotumiwa kwenye visu vya kampuni ya Cold Steel: ni komeo la mgongoni, lakini kati ya msuka na wenzo wa komeo kumewekwa pini ya kizuizi inayoupokea mzigo na kuupeleka kwenye mpini, ili ile pini ndogo ambayo wenzo wa komeo huchezea juu yake isibebeshwe kazi isiyo yake.

Sasa bati. Komeo la bati tunalolijua leo lilipata umbo lake mikononi mwa mfua visu Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980, na likifanywa vizuri ni komeo zuri. Siri yake ni mteremko. Uso wa nyuma wa msuka haukatwi wima, hukatwa kwa ulalo wa digrii 7 au 8 hivi, ili bati liingie kama kabari na kushikwa na msuguano. Ulalo ukizidi, kabari huteleza na kurudi pale mzigo unapoongezeka. Ukipungua mno, bati hunasa na utavunja kucha kulitoa. Tofauti ya digrii moja au mbili hutenganisha kisu cha kuaminika na kisu kama chako, na digrii hizo hazionekani wala hazisikiki katika mlio.

Zinaweza kuonekana kwa wino, hata hivyo. Fungua kisu nusu, chukua kalamu ya wino mzito na upake uso wote wa nyuma wa msuka, pale bati linapotua. Acha ukauke. Fungua na ufunge kisu mara ishirini kwa nguvu ya kawaida, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia mahali wino ulipofutika. Alama pana inayokwenda na unene wa bati, iliyo kati ya robo na nusu ya upana wa msuka, ni habari njema. Alama iliyo kwenye pembe tu, au iliyo mwanzoni kabisa mwa ulalo, ina maana kwamba bati linashikilia kwa ukucha. Bati lililovuka mpaka kugusa upande wa pili wa mpini limekwisha safari yake. Huko hakuna tena nafasi ya kusogea kadiri linavyolika.

Kuhusu makomeo mengine nitasema machache. La fremu, ambalo mfua visu Chris Reeve alilileta kwa kuufanya ubavu wenyewe wa mpini uwe ulimi, lina faida moja kubwa: mkono unaoshika mpini ndio unaolisukuma komeo liingie, si litoke. Ulimi huo mara nyingi ni wa titani, metali ambayo hupenda kunata na kulika inaposuguana na chuma kigumu, na ndiyo sababu watengenezaji wengi sasa huweka kipande cha chuma cha pua kwenye ncha yake. La kipingo, ambalo kampuni ya Benchmade ililiingiza sokoni mwaka 1998, hutumia kipande cha chuma kinachopita mpini kutoka ubavu hadi ubavu na kukandamizwa na springi mbili nyembamba. Kipingo ni imara, springi ndizo za kuangaliwa. La pete, ambalo watengenezaji visu Opinel wamekuwa nalo tangu 1955, ni pete ya bati unayoizungusha kwa kidole ili izibe njia ya ubapa. Watu hulidharau kwa sababu ni rahisi mno. Mimi silidharau, maana lina sehemu moja tu inayosogea, na unaiona kwa macho kama imefungwa au haijafungwa.

Jiliwa

Nakubaliana na mzee Mnoaji karibu katika yote, ila naomba niongeze juu ya kugonga meza kwa sababu muuliza swali aliligusa na halijajibiwa.

Kugonga mgongo wa kisu kwenye meza hakupimi nguvu ya komeo. Pigo ni kitu cha kufumba na kufumbua: msuka unaruka mbali na komeo kwa muda mfupi sana, na katika muda huo ulimi mwembamba wa bati unaweza kutikisika ukatoka mahali pake, hata kama ungeweza kubeba mzigo mkubwa wa polepole bila shida. Isitoshe, matokeo hubadilika kwa namna unavyoshika. Kisu cha komeo la fremu ukikikamata kwa kiganja kizima kitafaulu, na hichohicho ukikishika kwa vidole viwili kinaweza kufeli. Baya zaidi ni kwamba kila pigo hufinya chuma pale panapogusana, kwa hiyo mtu anayepima kila jioni anakiharibu kile anachokipima, halafu siku kikifeli husema amegundua kasoro. Sisemi kwamba kipimo hicho hakina maana kabisa. Kisu kinachojikunja kwa kugongwa kidogo tu, kama unavyobisha hodi, kina ulalo mbaya, na ni heri kujua.

Mimi hutumia jiliwa na ndoo. Funga makali yote kwa utepe mzito, tabaka tatu au nne. Bana mpini kati ya vipande viwili vya mbao laini, lakini ubane sehemu ya nyuma tu, mbali na komeo, kwa sababu ukibana pale ulimi ulipo, jiliwa ndiyo itakayokuwa ikishikilia kisu nawe utajisifu bure. Mpini ulale sawasawa, makali yakitazama chini. Tundika mkanda mpana juu ya mgongo wa ubapa, sentimita 6 kutoka kwenye mhimili, na kwenye mkanda huo ning'iniza ndoo ndogo uliyokwisha kuipima uzito. Mimina maji lita moja moja, na kila lita ni kilo moja. Miguu iwe mbali, na ndoo isiwe juu zaidi ya kiganja kimoja kutoka sakafuni. Baada ya kila lita, usitazame ubapa, tazama ulimi wa bati: je, umesogea hata kidogo kuelekea ulikotoka? Komeo zuri likielemewa hujikita zaidi, au hubaki pale pale. Likianza kurudi kwenye lita ya pili, simamisha, umeshapata jibu, hakuna haja ya kuliona likianguka.

Kwa kisu cha kazi za kila siku mimi huishia kilo 5. Wapo watakaosema ni kidogo. Lakini rudini kwenye hesabu ya Mnoaji, ni kilo 50 kwenye komeo, na kwa matumizi halali mgongo wa ubapa hausukumwi hata kwa nusu ya zile kilo 5. Mkato wa kawaida unakandamiza makali, na kani ya aina hiyo huielekea kizuizi, si komeo.

Jambo la mwisho ni lile la kuzungusha. Ndugu Kifundo, ajali yako haikuwa ya mzigo wa kukunja, ilikuwa ya kunyonga. Ukinyonga mpini, mbavu zake hupinda kidogo na bati huacha kulala sambamba na msuka. Zaidi ya hapo, mpini wa komeo la bati huwa na mkato mdogo ili dole gumba lifikie ulimi wakati wa kufunga, na ukikaza mkono, nyama ya kidole inaweza kuingia kwenye mkato huo na kuusukuma ulimi utoke. Kwa hiyo kipimo chako kinapaswa kuwa cha kunyonga. Bana ubapa wenyewe kati ya mbao kwenye jiliwa, makali yakiwa yamefungwa, vaa glavu nene, shika mpini na uunyonge kama ulivyofanya siku ile, huku mtu mwingine akiuangalia ulimi.

Babu Ala

Wanangu, mmeandika vizuri, lakini mnazungumzia komeo kana kwamba kisu kisicho na komeo si kisu. Askari wa Uswisi walipewa kisu cha kukunja cha modeli ya 1890, kikafuatiwa na cha 1908, cha 1951 na cha 1961, na ubapa mkubwa wa hivyo vyote haukuwa na komeo lolote, ulishikiliwa na springi ya mgongoni tu. Komeo lilikuja na modeli ya 2008. Kwa zaidi ya miaka mia moja walikata kamba, mkate na matawi wakiwa na vidole vyao, kwa sababu mtu anayejua kwamba ubapa unaweza kurudi hauelekezi mahali unapoweza kurudia.

Na hapa kuna neno linalomhusu Kifundo moja kwa moja. Modeli ile ya kwanza ya 1890 ilikuwa na vitu vinne: ubapa, kifungulia kopo, bisibisi, na chuma cha kutobolea. Waliokiagiza walijua kwamba askari hutoboa ngozi, na kwamba kutoboa si kazi ya ubapa. Ulichokihitaji siku ile, mwanangu, ni maharazi ya fundi viatu.

Mnoaji

Babu Ala, shikamoo. Kuhusu maharazi sina ubishi. Lakini naona tuweke mpaka: kisu cha springi kimeahidi kidogo na kinatimiza kidogo hicho, nacho cha komeo kimeahidi kwamba hakitarudi. Mtu akipimwa kwa ahadi yake, kisu cha Kifundo ndicho kilichomdanganya, hata kama kazi kiliyopewa haikuwa yake. Hofu yangu ni juu ya komeo bovu kuliko kukosekana kwa komeo, maana bovu humfanya mtu aweke kidole mahali ambapo mwenye kisu cha springi hathubutu.

Niongeze pia, maana nililipita, kwamba uimara hauishii kwenye komeo. Tazama unene wa ubapa pale unapotoka kwenye mpini, na unene wa ncha, kwa kuwa ncha zilizonolewa nyembamba kwa ajili ya kukata vizuri huvunjika mapema zikitumiwa kupekua au kubandua. Visu vingi vya mfukoni vina ugumu wa kati ya 56 na 61 kwa kipimo cha Rockwell C. Vya juu hushika makali kwa muda mrefu, lakini vikipindwa huvunjika badala ya kupinda. Na skrubu ya mhimili isiyo na tone la gundi ya skrubu hulegea yenyewe, hasa kwenye visu vya beringi ambavyo hufunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku na watu wasio na kazi. Mimi ni mmoja wao.

Kifundo

Nawashukuru wote, na Babu Ala nimekuelewa, maharazi nimeshayapata. Nimefanya vipimo mlivyonielekeza na ninarudisha majibu.

Kwenye kisu cha bati, wino ulifutika kwenye pembe moja tu ya msuka, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, upande ule ambao bati huingilia. Sehemu iliyobaki ya uso ilikuwa nyeusi kama nilivyoipaka, hata baada ya kufungua mara arobaini. Kwenye ndoo kilivumilia hadi lita ya tatu bila ulimi kusogea, nikaanza kudhani nimekisingizia. Ndipo tukafanya kipimo cha kunyonga. Mdogo wangu alishika taa na kuangalia, nami nikakaza mkono na kuzungusha. Nilipozungusha kulia hakuna kilichotokea. Nilipozungusha kushoto akaniambia ulimi unarudi, kidogo tu, na kwamba nikiacha haurudii pale ulipokuwa. Kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa ukiongeza juu ya uliotangulia, na mara ya sita ulimi ukachomoka na mpini ukakunjika mkononi mwangu. Glavu ilinisaidia. Kisu nimekirudisha kwa aliyeniuzia pamoja na picha ya ule wino, naye amekubali kukipokea.

Kisu cha pili ndicho kilichonishangaza, kwa sababu nilikuwa nakiamini. Ncha yake ilicheza juu na chini kwa milimita moja au zaidi kidogo, jambo ambalo sikuwahi kulipima. Je, kimelika, nacho nikiache?

Jiliwa

Kabla hujakiacha, kichungulie kwenye pengo la msuka, pale jino la komeo la mgongoni linapotumbukia. Makomeo ya aina hiyo, ambayo kisu cha Buck 110 cha mwaka 1964 kiliyafanya yajulikane kila mahali, yana ugonjwa mmoja wa mfukoni: vumbi la nguo hujikusanya ndani ya pengo, na kila ukifungua kisu, jino hulishindilia mpaka linakuwa gumu kama kizibo. Jino haliwezi tena kufika chini. Kisu kinafunguka na kuonekana kimefungwa, kumbe komeo limekaa juu ya pamba. Tumia kijiti cha meno, si sindano ya chuma, kisha tone moja la mafuta mepesi.

Kifundo

Ndivyo ilivyokuwa. Nimetoa donge la nyuzi za bluu, rangi ya suruali yangu ya kazi, lililobanana hata likachukua umbo la jino lenyewe. Ncha sasa haichezi kwa kiasi ninachoweza kukihisi, na kwenye ndoo kimefika lita ya tano bila jino kupanda. Mlio wake umebadilika pia. Zamani ulikuwa mkavu kama wa kile cha bati. Sasa ni mzito na wa chini zaidi.